Fedha ya Kinywani

Fedha halisi ikipulizwa ukingoni huimba. Unaishika katikati kwa ncha za kucha mbili, unapuliza kwa nguvu upande mmoja, unaipeleka sikioni haraka, na kama ni fedha kweli utasikia mlio mwembamba unaofifia kabla hujavuta pumzi nyingine. Yatin, sonara wa Chanika pale Handeni, alifundishwa hivyo na baba yake, na alikuwa amezipuliza rupia za zamani na shilingi za mkoloni hadi akazizoea. Ile ya Ramadhan aliipuliza, akaisikiliza, akangoja ififie. Haikufifia.

Aliitoa sikioni, akaitazama, akairudisha. Ilikuwa bado inaimba.

"Vipi, fundi?" aliuliza Ramadhan.

"Ni fedha," Yatin alisema. "Fedha safi kabisa."

Ramadhan alikuwa mkulima wa Vugiri, kule juu milimani Korogwe. Aliipata sarafu ile akichimba shimo la choo nyuma ya nyumba yake. Alishuka nayo, akapita Korogwe mjini bila kusimama kwa sababu pale anajulikana na maneno ya watu hayana breki, akaja nayo mpaka Handeni. Alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, kofia mkononi, uso mlangoni.

Yatin aliiweka chini ya lenzi. Upande mmoja joka lenye magamba lilikuwa limejikunja mawinguni. Upande wa pili kulikuwa na herufi za Kichina, na kuzizunguka maandishi ya Kizungu yanayotaja uzito. Juu ya magamba kulikuwa na chapa ndogondogo, zile ambazo wafanyabiashara wa Kichina wa zamani walizigonga kila walipoipima na kuikubali. Aliipima kwa sumaku, haikushika. Akahesabu vijino vya ukingoni kwa kucha, vyote vipo. Kisha akakunja uso.

"Nani aliisugua hii?"

"Mke wangu, Tatu. Kwa majivu na ndimu. Ilikuwa nyeusi tii."

Yatin alishika kichwa. "Mngeiacha na weusi wake, bwana. Weusi ndio umri wake, na umri ndio bei yake."

"Hatukujua."

"Na haya?" Alionyesha ukingoni, ambapo fedha ilikuwa imebonyea juu na chini. "Haya ni meno. Watu wa zamani walikuwa wanang'ata kupima."

Ramadhan aliangalia barabarani, akasimama, akavaa kofia. "Kaa nayo, fundi. Ukipata mtu wa kuithamini vizuri, nipigie."

"Ngoja nikuandikie risiti."

"Ya nini? Kaa nayo tu. Hata mwezi."

Mtu anayemwachia sonara fedha bila karatasi wala shahidi, sonara mwenye akili angemuuliza anakimbia nini. Yatin hakuuliza. Alikuwa mtu mwema, sitaki mnielewe vibaya. Mke wake alifariki binti yao Jigna akiwa hajaanza kutambaa, na alimlea huyo mtoto pamoja na mama yake mzazi, Chandrika, bila kumlilia mtu shida. Lakini siku ile tamaa ilikuwa imeshamkaa kooni, na mwenye tamaa kooni haulizi maswali.

Alimtumia picha Sadru, mnunuzi wa vitu vya kale aliyekuwa Tanga. Sadru akapiga simu hapohapo.

"Soma uzito ulioandikwa."

Yatin akasoma.

"Rudia."

Yatin akarudia. Sadru akaeleza kwa sauti ya chini, kana kwamba ukuta ungemsikia. Sarafu za joka za mwanzo zilitoka nzito kupita za mataifa mengine, zikapunguzwa upesi. Za uzito mdogo zimejaa dunia nzima, za uzito ule ni za kutafuta kwa tochi. "Usiiguse kwa kitambaa, usiioshe. Rekodi mlio wake unitumie."

Yatin alifunga mlango wa duka ili kelele za bodaboda zisiingie, akapuliza, akarekodi, akatuma. Jibu lilikuja kabla hajafungua mlango.

"Mlio mzuri mno," ilisema sauti ya Sadru. "Ila huyo mzee anayekohoa hapo dukani mwambie aende hospitali."

Dukani hamkuwa na mtu. Yatin akausikiliza ule mlio tena kwenye simu. Uliimba, ukaimba, na kwa mbali nyuma yake, kisha karibu, karibu kabisa na simu, mtu alikohoa kikohozi kikavu cha mtu aliyepaliwa na udongo.

Alijiambia ni mtandao. Kisha Sadru akamwandikia bei, naye akajikuta amekaa chini kwenye kigoda bila kukusudia, na kikohozi kile akakisahau.

Hapo ndipo alipofanya lile jambo. Aliikandamiza sarafu kwenye mchanga laini wa kalibu, akayeyusha rupia alizoachiwa na marehemu baba yake, akamimina nyingine. Alichonga vijino vya ukingoni kwa tupa. Aliongeza na kupunguza mpaka mizani ikaridhika. Hata mabonyeo ya meno yalitoka. Aliipaka kiini cha yai la kuchemsha ili ishike weusi, kisha akaisugua kwa majivu na ndimu, vilevile alivyofanya Tatu. Mpango ulikuwa mwepesi: Ramadhan angerudishiwa hii na kuambiwa haina soko, ile ingeenda Tanga. Mizani haikuweza kuzitenga, wala lenzi. Kilichozitenga kilikuwa mlio tu, maana iliyomiminwa mchangani ina vitundu vya hewa ndani na haiimbi kama iliyogongwa kwa mashine. Ya kwake ililia kidogo, ikakauka. Aliifunga kwenye kitambaa cheupe, ile ya kweli kwenye chekundu, akazifungia kwenye saraka.

Lakini sikio lake la kulia lilikuwa limeanza kuimba peke yake. Akila, lilikuwa linaimba. Akisali asubuhi mbele ya picha za miungu yao ya Kihindu, lilikuwa linaimba. Akahamia kusikilizia sikio la kushoto, na baada ya muda mfupi nalo likashikwa.

Kisha Jigna akaacha kufunga mdomo.

Chandrika ndiye aliyeona kwanza, mchana wa jua kali, mtoto akiwa amelala kwenye mkeka sebuleni. Alidhani ni mafua. Akamfunga kidevu kwa vidole viwili, taratibu, kama anavyofanya bibi yeyote. Alipoondoa vidole, kidevu kilishuka tena chenyewe. Jigna alipoamka, hakikupanda. Alikaa hivyo hivyo, macho yake mazuri yakimtazama bibi yake, mdomo wazi, ulimi umekauka, anangoja.

"Jigna, mama, unataka nini?"

Mtoto hakujibu, na kuanzia siku hiyo hakusema neno.

Hospitali walimpima taya, mapafu, damu, wakasema ni mzima. Maji aliyanywa kwa kumiminiwa. Chakula kilitoka. Na kulikuwa na harufu, ambayo mwanzoni Chandrika aliilaumu mifereji ya jirani, kisha akaulaumu mkeka, akaufua na kuuanika, kisha akalaumu mvua ambayo ilikuwa haijanyesha, mpaka alasiri moja alipoinama kumfuta mjukuu wake mate akagundua kwamba ile harufu ya shimo bichi, ya udongo wa chini ambao haujawahi kuona jua, ilikuwa inatoka ndani ya kile kinywa kidogo, pamoja na pumzi, na kwamba pumzi yenyewe kila ilipotoka ilikuwa na mlio mwembamba usiofifia.

"Yatin," aliita kwa kunong'ona, maana aliogopa kitakachosikia. "Yatin, njoo umsikilize mwanao."

Yatin alikuja, akainamisha sikio. Hakusikia tofauti yoyote, kwa sababu mlio ule ulikuwa umemjaa kichwani siku zote. Lakini aliuona uso wa mama yake, akakumbuka saraka. Alikimbilia dukani, mbele ya nyumba. Kufuli lilikuwa limefungwa. Ndani, kitambaa chekundu na cheupe vilikuwa vimekunjwa vizuri, kimoja juu ya kingine, na ndani yake hamkuwa na kitu, na aliporudi sebuleni na kumwinua Jigna kwenye mkeka, sarafu mbili zilidondoka kutoka kwenye viganja vya mtoto, moja kila kiganja, zikabingirika sakafuni, zikalala joka juu, na hakujua tena ipi ni ipi.

Aliziokota upesi kabla mama yake hajageuka. Akaziweka mfukoni. Chandrika aliona moja tu, au alidhani ameona moja.

Ramadhan alipigiwa simu, akaja kesho yake na bibi mmoja mfupi mwenye kanga mbili, Bibi Yusra wa Kerenge, anayesifika kwa mambo ya mashetani mpaka milimani.

"Shikamoo, bibi," Yatin alisema mlangoni.

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Aliketi mbele ya Jigna muda mrefu. Hakuwasha ubani, hakusoma kitu. Alinusa tu. Kisha akamgeukia Ramadhan. "Mwambie mwenye nyumba ulichoniambia mimi."

Ramadhan alizungusha kofia mkononi. "Haikuwa sarafu tu, fundi. Kulikuwa na mtu. Mifupa. Sarafu ilikuwa katikati ya meno, imebanwa. Niliitoa kwa bisibisi. Tangu siku ile Tatu alikuwa akilala mdomo wazi. Nilipoileta kwako, akapona."

"Ukaniletea mimi," Yatin alisema.

"Nikakuletea wewe."

Bibi Yusra alieleza kwa ufupi. Wajerumani walileta vibarua wa Kichina kulima mashamba ya milimani, na mmoja wao alipandwa na jini la msituni, jini la pumzi, linaloingia kinywani na kukaa. Wenzake walingoja mpaka anakata roho, wakamfunga kinywa kwa fedha ya kwao, jini likabaki ndani. "Hiyo sarafu ni mlango wa nyumba yake. Ninyi mmeung'oa."

"Basi tuirudishe," alisema Chandrika. "Irudishwe kinywani mwa yule marehemu."

Ramadhan aliinamisha kichwa. "Fuvu lilivunjika na sururu, mama. Tulilichanganya na kokoto za msingi. Choo kimesimama juu yake."

Pumzi ya Jigna ilikuwa ikiimba.

"Tuiyeyushe," Yatin alisema. "Nina gesi hapa. Dakika chache tu."

"Ukiyeyusha mlango, utalifungia na nini? Litakaa kwa mtoto mpaka pumzi imwishie." Bibi Yusra alijifunga kanga vizuri. "Litahama kwa njia ileile. Kinywa cha mtu anayekata roho. Sarafu iwekwe pumzi ya mwisho inapotoka, si kabla, si baada. Iwe peke yake. Usiweke na fedha nyingine, wala dhahabu, wala jani. Likikuta milango miwili halitaingia hata mmoja. Kisha huyo mtu azikwe. Akichomwa, mlango umeungua."

Ramadhan alisema taratibu kwamba kwao maiti huenda na sanda tu, hakuna shehe atakayekubali. Na ni mgonjwa gani utakayemwendea kitandani umwambie akufie na jini kinywani? Nani angetoa kinywa chake?

"Mimi," alisema Chandrika.

Moyo wake ulikuwa mbovu kwa miaka, hilo halikuwa siri. Daktari alikuwa ameshaacha kumdanganya. Lakini Yatin alipiga magoti palepale. Maiti ya mumewe Chandrika ilichomwa Korogwe kwa desturi yao na majivu yake yakaachiwa mto Pangani, na kwa miaka yote ya ujane alikuwa amezungumza juu ya siku ya kumfuata majini kama wengine wanavyozungumza juu ya kurudi nyumbani. Alikuwa ameweka tayari jani lake la tulsi, mrihani mtakatifu, na chupa ndogo ya maji ya Ganga, mto mtakatifu wa India, kwa ajili ya kinywa chake cha mwisho.

"Mama, hapana. Baba atakungoja."

"Baba yako amezoea kuningoja," alisema. "Jigna hajazoea chochote bado. Mnizike."

Bibi Yusra alimshika mkono akalia waziwazi, mwanamke aliyeona mengi. Kisha akamwambia Yatin alete sarafu. Yatin alitoa moja mfukoni.

"Ndiyo hii aliyokuachia?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo kila kitu kilipoweza kuokolewa. Masikio mazima yalikuwepo mawili mawili chumbani: ya Ramadhan, ya Bibi Yusra, ya mama yake. Angetoa na ya pili, akapuliza, akasema nisikilizieni, mimi nimekuwa kiziwi, nilitaka kumwibia mtu. Maneno machache tu. Alimtazama Ramadhan, aibu ikampanda usoni, akasema, "Ndiyo, bibi. Ndiyo hiyo."

Bibi Yusra alirudi Kerenge, akaahidi kuja siku ikikaribia. Siku haikungoja mtu. Mvua kubwa ilishuka alasiri, ile ya kuchelewa inayokuja kwa hasira, na Chandrika akashika kifua akiwa anamlisha Jigna uji kwa kijiko. Yatin alimlaza. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba hakusikia hata sauti yake mwenyewe akiita jirani. Akatoa sarafu zote mbili. Akapuliza ya kwanza akaiweka sikioni, ikaimba. Akapuliza ya pili, ikaimba. Akarudia ya kwanza, akarudia ya pili, akazing'ata, akazipima kwa viganja, akatafuta kwa kidole gumba ule ukingo alioutia tupa na hakuupata, kwa sababu alikuwa fundi hodari na alikuwa amehakikisha hakuna atakayeupata, na juu yake mabati yalikuwa yananguruma na kichwani mwake mlio ulikuwa umejaa mpaka kwenye meno, na nyuma yake Jigna alikuwa amesimama kimya, mdomo wazi, anatazama viganja vya baba yake mmoja baada ya mwingine.

Chandrika alifumbua macho. Naye alivitazama viganja vile.

"Yatin," alisema. "Mbona mbili?"

Mama yake alifungua kinywa, pumzi ikaanza kutoka ndefu, naye akaweka ile iliyokuwa mkono wa kulia.

Jamaa za Yatin walikuja kutoka Korogwe kwa ajili ya maiti, wakasikia habari ya kaburi, wakagombana naye uani mbele ya watu, wakaondoka bila kunywa hata maji. Ramadhan na majirani Waislamu ndio waliochimba, nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja cha Yatin mwenyewe. Tulsi na maji ya Ganga vilibaki kabatini.

Jioni ile Jigna alifunga mdomo. Asubuhi alikula uji, bakuli zima. Siku iliyofuata alisema, kwa sauti iliyokwaruza, "Bibi yuko wapi?" na Yatin akalia kwa furaha na kwa uchungu pamoja hata akashindwa kumjibu. Alimpikia chapati zisizo na umbo, wakazila pamoja wakicheka. Alimsuka nywele vibaya. Kwa siku chache aliamini kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa umechagua vizuri.

Lakini mlio kichwani haukuondoka, na sarafu ya pili ilikuwa bado kwenye saraka. Ramadhan alipokuja kumjulia hali, Yatin alimkalisha kwenye lile benchi, akatoa kitambaa, akakifungua mbele yake.

Ramadhan aliitazama. "Nilikuachia moja, fundi."

"Najua."

Ramadhan aliielewa habari yote palepale, na hakutukana. Ingekuwa nafuu angetukana.

"Nisikilizie," Yatin alisema. Aliishika kwa ncha za kucha, akapuliza, akaiweka kwenye sikio la Ramadhan. Kwenye chumba cha ndani, Jigna alikuwa anaimba wimbo wa shule.

"Inaimba?"

"Inaimba."

Walingoja. Bodaboda ilipita nje, ikapotelea sokoni.

"Bado?"

"Bado." Uso wa Ramadhan ulikuwa umebadilika rangi. "Fundi, humu kuna mtu anakohoa."

Kwenye chumba cha ndani wimbo ulikatika katikati ya neno. Yatin hakuhitaji kwenda kuangalia, lakini alikwenda, akasimama mlangoni, akaona kidevu cha mtoto kimeshuka tena, akarudi. Alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, upande ule wa nyumba uliopakana na kaburi la mama yake.

"Lilimfuata mama, likakosa mlango wake, limerudi. Bibi Yusra alisema kinywa cha anayekata roho," alisema.

"Alisema."

"Watu wangu watakuja kutaka kunichoma, Ramadhan. Usiwaruhusu."

Ramadhan alitaka kumwambia aache maneno ya mkosi, amfikirie mtoto. Lakini sarafu ilikuwa bado inaimba mkononi mwake, naye akaitikia kwa kichwa.